Sturio na Majina Yake: Uchunguzi wa Kihistoria wa Neno, Mamlaka na Uainishaji

Utangulizi

Makala hii inachunguza historia ya majina ya samaki ambaye msemaji wa kawaida wa Kiswahili hajapata kumwona, na ambaye kwa hiyo lugha yetu haikuwa na sababu ya kumwita. Waingereza humwita sturgeon, Wajerumani na Waswidi Stör, Warusi osetr, Waarabu hafsh. Wanasayansi humweka katika familia ya Acipenseridae. Kiasili samaki hawa huishi katika nusu ya kaskazini ya dunia peke yake: katika mito ya Ulaya na ya Amerika ya Kaskazini, katika Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, katika mito ya Siberia na ya China. Barani Afrika, makazi yao ya kihistoria yaliishia katika pwani ya Atlantiki ya Moroko.

Ni samaki wa umbo la kale. Mifupa yake kwa sehemu kubwa ni gegedu, hana magamba ya kawaida, na mwili wake umepambwa kwa safu tano za ngao ndogo za mfupa. Mbele ya mdomo huning'inia sharubu nne ambazo hutumia kupapasa matope ya chini akitafuta chakula. Spishi nyingi hukua baharini kisha hupanda mitoni kuzaa, hukomaa baada ya miaka mingi, na baadhi huishi umri wa mwanadamu au zaidi.

Nilipoandika rasimu ya kwanza ya sura hii nilimwita "papa wa mtoni", kwa kuwa katika picha mkia na mgongo wake ulinikumbusha papa. Msimamizi wangu alizungushia duara maneno hayo na kuniuliza pembeni iwapo papa huyo ana meno. Hana, sturgeon mkubwa hana jino hata moja. Swali hilo dogo ndilo lililoizaa makala hii, kwani niligundua kwamba kosa langu lilikwisha kufanywa na wengine walionizidi elimu, na kwamba katika nyakati fulani makosa ya namna hiyo yalikuwa na gharama. Hoja ninayoitetea ni kwamba jina la samaki huyu halikuwa kibandiko tu. Liliamua nani mwenye haki ya kumla, na katika miaka ya karibuni limeamua ni samaki yupi arudishwe katika mto aliokwisha kutoweka.

Kwa sababu nitakazozitoa mwishoni, nitamwita sturio.

Majina mawili katika jina moja

Jina la kisayansi la sturio wa Ulaya, Acipenser sturio, lilitolewa na Carl Linnaeus mwaka 1758 katika toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae. Mtu asiyezijua lugha hizo anaweza kudhani kwamba maneno hayo mawili yanasema mambo mawili tofauti. Kwa hakika yanasema jambo lilelile mara mbili, kwa sauti za watu wa tabaka na nyakati tofauti.

Acipenser ni neno la Warumi wa kale. Linapatikana kwa waandishi wa Kilatini, na daima linanuka karamu za wakubwa. Waandishi wa baadaye, Athenaeus akiwa miongoni mwao, wanasimulia jinsi samaki wa namna hiyo alivyoletwa mezani kwa sauti ya zumari, akibebwa na watumishi waliovishwa mataji. Plinius Mzee, katika karne ya kwanza, anaeleza kwamba acipenser aliheshimiwa mno na watu wa zamani, lakini katika zama zake mwenyewe heshima hiyo ilikuwa imekwisha, jambo analolistaajabia kwa vile samaki huyo alikuwa adimu. Anaongeza kwamba magamba yake yameelekea kichwani, kinyume cha samaki wote. Maelezo hayo hayamwelei vizuri sturio tunayemjua, na ndiyo maana wanazuoni wamebishana iwapo Warumi walimaanisha samaki mmoja au kadhaa. Kuhusu asili ya neno lenyewe, maelezo yanayotajwa mara nyingi hulihusisha na mzizi wenye maana ya ukali au ncha, ule unaopatikana katika neno la Kilatini la sindano. Yeyote aliyewahi kumshika samaki mwenye ngao za mfupa mgongoni hatashangaa.

Sturio kwa upande wake ni Kilatini kwa mavazi tu. Ndani yake mna neno la Kijerumani cha kale, sturio au sturjo, lililotumiwa na wavuvi wa mito ya kaskazini, ambalo watawa na makarani wa Zama za Kati waliliandika kwa herufi za Kilatini kwa kuwa ndilo walilolisikia likisemwa mtoni na sokoni. Hivyo Linnaeus aliliunganisha neno la meza ya tajiri na neno la mtumbwi wa mvuvi, akatoa jina moja. Sina ushahidi kwamba alikusudia utani wowote.

Safari ya neno hili la pili inastahili kufuatwa kwa utulivu. Wafranki, watu wa Kijerumani waliotawala nchi ambayo baadaye iliitwa Ufaransa kwa jina lao, walikuja na neno hilo. Likaingia katika Kifaransa cha kale kwa umbo la esturjon. Kutoka huko, au kutoka Kilatini cha makarani, likawa storione kwa Waitalia na esturión kwa Wahispania. Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, Waanglo-Saksoni walikuwa na neno lao la ukoo huohuo, styria. Baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, lugha ya meza ya mabwana ikawa Kifaransa, na styria likafa. Mahali pake pakaja sturgeon: neno la Kijerumani lililokwenda kuishi Ufaransa, likabadili lafudhi, kisha likarudi kwa jamaa zake likiwa na hadhi ya mgeni. Kiswahili nacho kina uzoefu wa maneno kupandishwa na kushushwa hadhi kwa kufuata mtawala, kwa hiyo msomaji wetu hahitaji kuelezwa kwa urefu jinsi jambo hilo hutokea.

Kilichomo ndani kabisa ya mzizi huo bado kina ubishi. Wapo wanaoulinganisha na kitenzi chenye maana ya kuvuruga, wakisema samaki huyu hutibua matope. Maelezo hayo yanapendeza sana, na kwa sababu hiyohiyo nayatilia shaka. Katika lugha za Kislavoni na za Kibaltiki kuna majina yanayokaribiana kwa sauti bila kulingana sawasawa: osetr ya Kirusi, jesiotr ya Kipolandi, eršketas ya Kilithuania. Mwachano wa namna hiyo, ambapo maneno yanafanana lakini kanuni za sauti hazikubaliani, aghalabu huashiria kwamba neno liliokotwa kutoka lugha za kale zaidi zilizomezwa. Endapo ni hivyo, jina hili lilikuwako mitoni kabla ya watu ambao leo hudai ni lao.

Samaki wa mfalme na samaki wa kuni

Uingereza ilimfanya sturio kuwa mali ya taji. Tamko la haki za mfalme linalonasibishwa na utawala wa Edward II, mwanzoni mwa karne ya 14, lilisema kwamba nyangumi na sturio wanaopatikana katika bahari na kwingineko ndani ya ufalme ni wa mfalme. Neno "samaki wa kifalme" likaingia katika sheria, na athari yake haikuwa ya heshima tupu: mvuvi aliyemkuta sturio katika wavu wake alikuwa amekamata mali ya mtu mwingine. Utaratibu huo haujasahauliwa. Mwaka 2004 mvuvi mmoja aliyempata sturio katika ghuba ya Swansea, huko Wales, alimtolea malkia kwanza, naye akajibiwa kwamba anaweza kumtumia apendavyo.

Nchini China jina lenyewe linabeba dai la namna hiyo. Sturio mkubwa wa mto Amur huandikwa kwa alama yenye sehemu mbili: upande mmoja ni samaki, na upande wa pili ni alama ya mfalme mkuu, ambayo pia hutoa sauti ya neno. Japani walikwenda njia tofauti kabisa. Huko huitwa chōzame, yaani papa kipepeo. Nilipokutana na jina hilo nilijisikia kufarijika kidogo juu ya rasimu yangu ya kwanza.

Ngambo ya Atlantiki thamani ya samaki huyuhuyu iligeuka kwa kasi ya kutisha. Katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, hadi katikati ya karne ya 19, wavuvi walowezi walimwona sturio kuwa kero iliyochana nyavu zao. Walimtupa ufukweni, wakamlundika kama kuni, na kuna taarifa za kuchomwa kwake katika tanuri za meli za mvuke. Katika mto Hudson nyama yake iliuzwa kwa wingi na kwa bei ya chini hata ikapewa jina la dhihaka, "nyama ya ng'ombe ya Albany". Kisha soko la mayai likagundua kwamba kero hiyo ina pesa ndani. Uvuvi mkubwa ulifuata, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 samaki waliokuwa wengi kupita kiasi walikuwa wamepungua hadi kuwa adimu.

Lakini watu wa maziwa hayo hawakuwahi kumwita kero. Katika Kiojibwe sturio ni name, na mto Namekagon wa Wisconsin umepata jina lake kutokana na wingi wa samaki hao. Hapa wanaisimu wa lugha za Kialgonkini wametoa jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote katika uchunguzi huu. Katika lugha mama inayokisiwa kuzizaa lugha hizo, neno la samaki kwa ujumla linaonekana kuwa udogoshaji wa neno la sturio. Kwa maneno mengine, samaki yeyote yule alikuwa "sturio mdogo". Kwa kawaida tunatarajia jina la jumla litangulie na jina la aina lifuate. Kiswahili husema samaki, halafu husema changu, chewa na nguru. Hapa mpangilio umepinduka. Sturio ndiye aliyekuwa kipimo, na wengine wote walitajwa kwa kupunguzwa kutoka kwake. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha kwa ufupi kiasi hicho nafasi ya mnyama mmoja katika maisha ya watu. Wamenominee wa Wisconsin walimngojea kila majira ya kuchipua katika maporomoko ya Keshena, alipokuja kuzaa. Mabwawa yaliyojengwa chini ya mto yakamzuia asifike, na jina likabaki katika kinywa cha watu wasiomwona mwenye jina.

Mayai, gundi na magamba

Neno kaviari, ambalo kwa wengi ndilo mlango pekee wa kumfikia samaki huyu, halitoki Ulaya. Lilifika Italia na Ufaransa kutoka Kituruki, havyar, na nyuma yake lipo neno la Kiajemi linalohusishwa na khaya, yaani yai. Kiswahili kilipokea maneno mengi ya Kiajemi kwa njia ya bahari, bandari likiwa mfano unaojulikana na wote. Hili hakikulipokea, na sababu ni ya kijiografia. Sturio wa Uajemi huishi katika Bahari ya Kaspi, upande wa kaskazini, ilhali majahazi ya Ghuba yaliyokuja kwetu yalitoka upande wa kusini, ambako hayupo. Maneno husafiri na bidhaa, na bidhaa hii haikuwa na jahazi.

Kuna neno jingine lililotokana na mwili wake ambalo limejificha zaidi. Wajerumani humwita sturio mkubwa wa Danubi Hausen. Kutokana na kibofu chake cha hewa ilitengenezwa gundi safi iliyotumiwa kung'arisha bia na mvinyo, na Waholanzi waliiita kwa jina lenye maana ya kibofu cha samaki huyo. Waingereza walipolichukua neno hilo bila kulielewa, waliligeuza sehemu ya mwisho ikasikika kama neno lao la kioo, isinglass, labda kwa kuwa gundi yenyewe hupitisha mwanga. Samaki akatoweka ndani ya jina.

Suala la magamba lilikuwa na uzito wa kidini. Katika fikihi ya Kishia samaki asiye na magamba haliwi, na sturio kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa hana. Baada ya mapinduzi ya Iran hali hiyo ilileta mkanganyiko, kwa maana mayai yake yalikuwa bidhaa kubwa ya nchi. Wataalamu walimchunguza samaki, wakaeleza kwamba karibu na mkia wake kuna magamba ya umbo la almasi, na mwaka 1983 Ayatollah Khomeini alitoa fatwa ya kumhalalisha. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafii, hawatauona ugumu wa jambo hili kwa haraka, kwani kwao samaki wa baharini huliwa awe na magamba au asiwe nayo. Hata hivyo mfano huu unaonyesha kwamba swali "huyu ni samaki wa aina gani?" huweza kuulizwa kwa nguvu nje ya maabara. Naye Linnaeus, tukimrudia, hakulijibu vizuri: katika kitabu hichohicho cha 1758 alimweka sturio pamoja na papa na taa katika tabaka la amfibia, chini ya kundi aliloliita waogeleao.

Kosa la Baltiki

Hadi hapa mtu anaweza kusema kwamba majina hubadilika na samaki hubaki yuleyule. Kisa cha Bahari ya Baltiki kinaikataa kauli hiyo.

Kwa zaidi ya karne mbili, sturio wa Baltiki alihesabiwa kuwa Acipenser sturio, yule yule wa mto Gironde na wa mto Elbe. Sababu ilikuwa dhahiri: wavuvi wa pwani za Ujerumani walimwita kwa jina moja, Stör, na wanasayansi walilifuata jina hilo. Alipotoweka katika karne ya 20 kwa uvuvi, uchafuzi na mabwawa, mipango ya kumrejesha iliwazia samaki wa Ufaransa. Katika mabonde ya Gironde ndiko lilikobaki kundi la mwisho lililokuwa likizaa, na huko nako uzazi wa asili ulionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1994.

Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba uliochunguza vielelezo vya zamani vya samaki wa Baltiki. Ilibainika kwamba, kwa karne nyingi kabla ya kutoweka, samaki aliyekuwa akivuliwa huko alikuwa Acipenser oxyrinchus, sturio wa Atlantiki, spishi ambayo ilidhaniwa kuwa ya Amerika ya Kaskazini tu. Alikuwa amevuka bahari na kukaa Baltiki, akavuliwa, akaliwa, akachorwa na kuandikwa, bila mtu yeyote kutambua kwamba si yule ambaye jina lake alilibeba.

Matokeo yake yanaonekana leo katika mito miwili ya nchi moja. Katika mto Oder, unaomwaga maji yake Baltiki, wamerudishwa samaki wa spishi ya Atlantiki ambao asili yao ni mto Saint John wa Kanada. Katika mto Elbe, unaoelekea Bahari ya Kaskazini, wanaachiwa vifaranga vya Acipenser sturio kutoka Ufaransa. Mjerumani wa kawaida huwaita wote wawili Stör, na hakosei. Lakini kama mpango ungejengwa juu ya neno hilo peke yake, pesa, mabwawa ya kulelea na vifaranga wachache waliobaki duniani vingepelekwa kwenye mto usio wao.

Uzito wa jambo hili umeongezeka. Samaki wote wa kundi hili wamekuwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, tangu mwaka 1998. Mwaka 2022 shirika la IUCN lilitangaza kwamba spishi zote za sturio zilizobaki zimo hatarini, na kwamba jamaa yao, samaki mwenye pua ndefu kama upanga wa mto Yangtze, ametoweka kabisa. Afisa wa forodha anayefungua kopo la mayai analazimika kujua jina, na jina lisilo sahihi ndilo kificho cha kwanza cha magendo.

Kiswahili kimwite nani?

Swali hili si la mapambo tena. Nchini Madagaska, katika ziwa Mantasoa lililoko mashariki ya Antananarivo, sturio wanafugwa, na mayai ya kwanza kutoka huko yalianza kuuzwa mwaka 2017. Samaki wa nusu ya kaskazini amefika Bahari ya Hindi kwa ndege na tangi, na si vigumu kutabiri kwamba ripoti, sheria na vitabu vya shule vitahitaji kumtaja kwa Kiswahili.

Jirani zetu wa Komoro wanatupa kipimo cha kulinganisha. Samaki aliyevuliwa Afrika Kusini mwaka 1938 na kuushangaza ulimwengu wa sayansi, Latimeria, alikuwa tayari na jina kwa wavuvi wa visiwa hivyo: gombessa. Pale jina la wenyeji lilikuwako na sayansi ndiyo iliyochelewa. Kwa sturio hatuna jina la wenyeji la kuokoa, na kulibuni kwa kujifanya tunalo kungekuwa udanganyifu. "Papa wa mtoni" linapotosha kwa sababu nilizokwisha kueleza. Umbo la Kiingereza, likitamkwa Kiswahili, hutoa tahajia nne au tano ambazo hakuna wawili watakaokubaliana juu yake. Sturio, kinyume chake, limeishia kwa irabu, limo katika jina la kisayansi lenyewe, na mfuatano wa konsonanti mwanzoni mwake hautishi lugha iliyokwisha kuzoea stakabadhi, stempu na stesheni. Lichukue upatanisho wa viumbe hai: sturio huyu, sturio hawa.

Napendekeza litumike kwa familia nzima, na sifa iongezwe panapohitajika: sturio wa Ulaya kwa Acipenser sturio, sturio wa Atlantiki kwa Acipenser oxyrinchus. Kwa beluga nasita. Neno hilo la Kirusi limetokana na weupe, na mfasiri atavutwa kuandika "sturio mweupe". Ila jina hilo tayari ni la samaki mwingine, Acipenser transmontanus wa mito ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Kwa hiyo katika tasnifu hii nimemwacha beluga kwa jina lake la Kirusi, nikitanguliza neno samaki ili asichanganywe na nyangumi mweupe wa Aktiki, ambaye naye Warusi walimpa jina lililo karibu sawa na hilo.